Usisingizie Betri

"Usisingizie betri, mwaga maji machafu."

Ndiyo maneno aliyoyasema babu yenu Kondo jana alipopewa nafasi ya kumuusia bwana harusi. Wazee wakaitikia "Naam!" kwa sauti moja, na ninyi mkabana vicheko mkidhani mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Niliwaona. Sasa leo mmekuja kwangu mnataka kujua methali gani hiyo ina betri ndani.

Haya, vuteni ungo mchambue choroko huku nawasimulia, maana masikio hayazuii mikono kufanya kazi. Maneno yale hatukuyarithi kwa wahenga. Yalizaliwa hapa hapa Morogoro, nje ya msikiti, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo.

Babu yenu ni kaka yangu wa tumbo moja. Enzi hizo alikuwa kijana wa kifua kipana na nywele kichwa kizima. Msinitazame hivyo, alikuwa nazo. Alikuwa na rafiki jina lake Mihambo, Mnyamwezi wa Urambo. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, mababu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, popote, hata msibani. Msibani ndiyo hasa mahali pake: atazuia maiti asitoke, atadai chakula, atamsema marehemu mbele ya watoto wake. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Mtani hanuniwi. Ukinuna unatozwa kuku, na kuku mwenyewe analiwa mbele yako huku wakikucheka.

Kondo na Mihambo walikuwa na kazi yao ya kusafisha mazulia. Walinunua kigari cheupe kilichokwisha kuchoka, na ndani yake, mahali pa viti, palikuwa pamefungwa mashine. Ilikuwa na injini yake ndogo ya petroli, mbali na injini ya gari. Injini hiyo ilizungusha pampu ya kusukuma maji ya sabuni, na feni kubwa ya kuyafyonza. Mabomba mawili yalitoka garini mpaka sebuleni kwa mtu. Moja lilipeleka maji safi, la pili lilirudisha uchafu. Kwa hiyo palikuwa na matangi mawili pia, la maji safi na la maji machafu. Hilo la maji machafu mlishike vizuri, msije mkaniuliza baadaye.

Kondo alikuwa mtu wa ndani, yeye ndiye aliyesukuma mdomo wa bomba juu ya zulia. Mihambo alikuwa mtu wa mashine. Oili, plagi, betri, vyote vilikuwa vyake, na betri aliipenda kama mtoto wa mwisho. Mimi nilikuwa wa makochi na mapazia, na brashi yangu na ndoo. Mji mzima ulitujua. Watu wakisikia ule mngurumo walisema, "Leo kwa fulani kuna ugeni," kwa sababu nani alisafisha zulia bila kutarajia mgeni?

Lakini siku zile nikizikumbuka, sikumbuki mazulia. Nakumbuka jioni. Kazi ikiisha tulirudi nyumbani kumwaga maji machafu kwenye shimo lililokuwa nyuma ya jiko la mama. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mmoja alishika koki ya tangi, mwingine alishika mpira shimoni usirukeruke. Koki ilikuwa nyembamba na maji yalitoka polepole, basi walikaa wawili hao juu ya ndoo zilizofunikwa, kahawa mkononi, wakitaniana mpaka tangi liishe.

"Ninyi Wazaramo," Mihambo angeanza, "ngoma ikilia mtaa wa tatu, jembe mnalitupa. Mvua ikija mnasema mmerogwa."

"Na ninyi mlibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka kwenu mpaka baharini," Kondo angejibu. "Mpaka leo mkiona mzigo chini, kichwa kinawasha."

Mama yetu, Bi Mwamvua, alikuwa akicheka jikoni peke yake. Alimpenda Mihambo kupita kiasi. Kila alipopika wali alimwekea ukoko kwenye kibakuli chenye mfuniko, maana Mihambo alipenda ukoko kuliko nyama, na ole wako wewe mtoto wa kuzaa uuguse. Mpaka leo harufu ya zulia bichi ikinipata popote, nauona ule ua na wale wawili juu ya ndoo. Natamani siku moja tu irudi. Moja tu.

Kisha mama akafa. Aliugua kifua siku chache, akatutoka asubuhi tukiwa kazini.

Jeneza lilipokuwa linatolewa uani, Mihambo akajilaza chali kukata njia, na suruali yake safi, kwenye vumbi. "Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Bibi huyu ana deni la ukoko! Nani ataniwekea ukoko?" Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka, na ndivyo inavyotakiwa, msiba usiwaelemee watu. Akainuka, akamwelekezea Kondo kidole. "Na wewe! Unasafisha mazulia ya mji mzima, na mswala wa mama yako unapiga chafya!"

Watu wakaangua kicheko. Kondo alicheka kuliko wote. Mimi nilisimama na wanawake mlangoni, na nilimjua kaka yangu. Kicheko kile hakikuwa chake.

Baada ya hapo mambo yakabadilika, na hakuna aliyeweza kusema yamebadilika nini. Ugomvi haukuwepo. Wangegombanaje? Mtani hanuniwi. Waliendelea kufanya kazi, makochi hapa, kijizulia pale, lakini maneno yakawa ya kazi tu: washa, zima, vuta bomba, sogeza gari. Jioni kahawa haikuwapo tena. Kondo alishuka garini na kuingia ndani moja kwa moja. Mihambo alifunga mlango wa gari na kwenda zake alikopanga. Nilidhani ni huzuni ya mama. Nikasema itapita.

Ikawa siku ya arobaini. Mama aliusia isomwe msikitini kwetu, kwa sababu zulia la msikiti ule lilinunuliwa kwa michango, na yeye alichanga kwa vitumbua vyake, asubuhi kwa asubuhi, mpaka zulia likatandikwa. Alikuwa akisema, "Mimi sisali mle ndani na wanaume, lakini vitumbua vyangu vinasali." Sasa siku mbili kabla, mvua ya milimani ikashuka, mto ukafurika, na tope likaingia msikitini. Zulia la mama lilikuwa jekundu. Tulilikuta rangi ya udongo. Siku yenyewe alfajiri shehe akasema, kama halisafishwi leo likakauka kabla ya Isha, itabidi hitima isomwe uwanjani kwa jirani. Kondo akasema, "Haisomwi uwanjani."

Tukafika asubuhi. Mabomba yakatandazwa. Mihambo akazungusha ufunguo wa mashine. Starta ikazunguka vizuri, nyi-nyi-nyi-nyi, lakini injini haikushika. Akarudia. Akavuta choki, akarudia tena. Wapi.

"Betri hiyo," alisema Kondo.

"Betri nimeichaji jana mwenyewe," Mihambo alijibu. "Sikiliza starta inavyozunguka. Betri iliyokufa haizungushi hivyo, mtani."

"Kama ni nzima, mbona haiwaki?"

Mnajua mtu akikwama barabarani, kila mpita njia anakuwa fundi. Mwadhini alisema ni petroli. Ukafunguliwa mpira wa mafuta, petroli ikatoka safi. Dereva wa teksi alisema ni baridi ya mvua. Akaja fundi wa pikipiki, akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akamwambia Mihambo azungushe ufunguo. Tukainama wote kutazama. Cheche hakuna. Akaweka plagi mpya, cheche hakuna. "Mafuta yapo, moto haupo," alisema. "Kuna mahali umeme unakatika." Akakuna kichwa, akaitwa na mteja, akaenda.

Kufikia hapo starta ilikuwa imezungushwa mno, na betri ikaanza kulegea kweli. Kondo alipousikia ule ulegevu alifurahi, namna mtu anavyofurahi akipata ushahidi. Akaazima betri ya teksi, akaifunga mwenyewe, akamsukuma Mihambo pembeni. Starta ikazunguka kwa nguvu mpya. Injini haikushika.

Adhana ya adhuhuri ikatoka. Wanaume wakasali barazani juu ya mikeka, wakatoka, wakasimama kututazama. Zulia la mama lilikuwa bado lina tope.

"Nilisema toka mwanzo," Kondo alianza tena, na sauti yake sasa ilikuwa ya juu. "Ni mambo ya betri! Waya zake, kutu zake, sijui nini! Na betri ni kazi ya nani? Eti, ni kazi ya nani?"

"Betri tumebadilisha, mtani, na bado."

"Usiniite mtani!"

Wajukuu zangu, watu wote wakageuka. Mngelelewa zamani mngejua. Kumwambia mtani wako asikuite mtani ni kubaya kuliko kumtukana. Ni kama kumwambia ndugu yako kwamba hamkuzaliwa pamoja.

Mihambo akachukua kitambaa, akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Basi," alisema. "Mzigo wangu umefungwa siku nyingi. Jumamosi narudi Urambo. Nilikuwa nasubiri arobaini ya mama ipite."

Mimi hasira zikanipanda. Nilikuwa nimefiwa pia, au walisahau? Nikaingia garini kuchukua ndoo yangu niondoke, nisiwaone hata mmoja, na kwa ghadhabu nikalipiga kofi lile tangi la maji machafu. Sasa, tangi lile nililijua. Likiwa tupu hulia ndii, kama debe. Siku ile lilinijibu du. Mkono ukaniuma.

Nikapiga tena. Du.

"Haya maji yalimwagwa lini?" nikauliza.

"Si amemwaga yeye?" walijibu wote wawili, kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Vidole vikabaki hewani. Nikawaona wanafikiri. Tangu mama azikwe, Kondo alidhani Mihambo anabaki nyuma kumwaga, na Mihambo alidhani Kondo anatoka baadaye kumwaga. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kuuliza kungehitaji kuzungumza. Kazi zilikuwa ndogo ndogo, basi tangi lilijaa kidogo kidogo.

Mihambo akapanda, akafungua mfuniko. Maji meusi yalikuwa mpaka shingoni, na juu yake linaelea boya, dogo kama chungwa, na waya wake.

"Boya," alisema Kondo.

"Boya," alisema Mihambo.

Lilikuwa neno la kwanza walilokubaliana tangu mazishi. Yule aliyewauzia mashine alikwisha kuwaeleza: waya wa moto wa plagi unapitia kwenye boya, na tangi likijaa boya linapanda linakata moto, injini izimike kabla feni haijameza maji. Lakini kwa miaka yote walikuwa wanamwaga kila jioni, kwa hiyo boya halikuwahi kupanda, na walisahau kama lipo.

"Juzi kule tulikomaliza," Kondo alisema polepole, "mashine ilizimika nikiwa ndani. Nilijua umezima wewe."

"Mimi nilikuwa nanawa bombani. Nilijua umetoka ukazima wewe."

Wakatazamana. Kisha Mihambo akashika koki, Kondo akaburuta mpira mpaka kwenye karo la nyuma ya msikiti, na maji yakaanza kutoka. Yalitoka kwa tabu, maana manyoya ya mazulia yalikuwa yamejikusanya kwenye koki. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa na kusubiri. Mpira ulikuwa mfupi, gari lilikuwa karibu, wakajikuta wamekaa bega kwa bega. Nikageuza ndoo yangu nikakaa pia, upande wa pili wa gari, ambako sikuonekana. Ndiyo, nilisikiliza. Ningeacha?



"Ule mswala," Kondo alisema.

"Mswala gani?"

"Wa mama. Alinipa niusafishe. Nikamwambia kesho, mama, nikitoka kazini. Kila siku kesho. Siku ulipoutaja, ulikuwa bado unaning'inia msumarini nyuma ya mlango, na vumbi lake. Mpaka sasa upo pale."

Mihambo akamgeukia. "Haki ya Mungu, Kondo, sikujua. Nilisema la kwanza lililonijia mdomoni. Nilikuwa nimelala pale vumbini, nimetaja ukoko, nikaona machozi yanakuja. Mtani akilia msibani, nani atawachekesha wafiwa? Nikatafuta neno la haraka, nikapata hilo."

"Ungelia tu."

"Na wewe ungenuna tu! Ningekutoza kuku, tungemla, yangeisha siku ile ile."

Nikasikia kitu nilichodhani ni koki inakoroma. Hapana, walikuwa ni wao wanacheka. Halafu hakikuwa kicheko tena, walikuwa wanalia, watu wazima wawili, mpira wa maji machafu mikononi, na mimi upande wangu nilikuwa nimejifunika uso kwa khanga.

Tangi likamaliza kwa kukoroma. Boya likashuka, tak. Kondo akasogea kwenye ufunguo, halafu akaurudisha mkono. "Washa wewe," alisema. "Mashine ni yako, mtani."

Ikashika mara moja. Mngurumo ule ukajaa mtaa mzima. Kondo akaingia msikitini bila viatu, na tope likaanza kuondoka mstari kwa mstari, wekundu wa vitumbua vya mama ukirudi mbele ya macho yetu. Mihambo alimwaga tangi mara nyingi siku ile, na kila akimwaga aliita, "Tangi tupu!" kama mwadhini mwenyewe.

Zulia la mwisho halikuwa la msikiti. Kondo alikimbia nyumbani akarudi na ule mswala, akamwachia Mihambo. Mihambo, mtoto wa kanisa la Moravian, akaupigia magoti uani mwa msikiti akausafisha kwa mikono yake, polepole, pindo kwa pindo. Usiku shehe aliongoza hitima akiwa ameukalia. Kesho yake Kondo akapeleka kuku alikopanga Mihambo, akamwambia, "Nilinuna, faini hii." Mzigo wa Urambo ukafunguliwa.

Nani alianza kuyasema yale maneno, sijui. Mihambo aliihadithia habari ile katika kila nyumba tuliyoingia, akimwigiza Kondo na betri yake, na Kondo alilipa kwa kumwigiza Mihambo na kitambaa chake. Fundi wa pikipiki aliisambaza gereji. Mke na mume wakinyimana maneno, majirani wakawa wanawaambia hivyo. Mimi nilijua imekuwa methali siku nilipoambiwa na muuza nyanya asiyenijua, sokoni, kana kwamba ananifundisha.

Bado kidogo, msiache choroko.

Mihambo alizeeka, akarudi kwao Urambo kwa heri, si kwa kisirani. Mwaka juzi tukaletewa habari kwamba amefariki. Mimi na babu yenu tulisafiri, na magoti yetu haya. Tulikuta watu wengi, sanduku limewekwa uani, na mchungaji anaeleza kwamba marehemu alikuwa na tatizo la moyo. Babu yenu akainuka na mkongojo wake, akapasua katikati ya watu. Wanyamwezi walipojua ni mtani wa Kizaramo wakampisha.

"Nani kasema moyo?" aliuliza kwa ukali. "Msisingizie moyo! Mashine hii naijua mimi. Mmetazama tangi?"

Watu wakacheka. Watoto wa Mihambo walicheka kuliko wote, wameikulia hadithi hiyo. Kondo akainama juu ya sanduku, akagonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akatega sikio.

"Tupu," alisema. "Hana kinyongo na mtu. Mpelekeni."

Kisha akalia, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemkumbusha kwamba mtani halii.

Basi jana alipomtazama bwana harusi yule akamwambia, "Usisingizie betri, mwaga maji machafu," ninyi mlisikia betri tu.